Mkanda Ulioanikwa

Miaka sita nilikuwa napiga watu picha na sikuwahi hata siku moja kushika negativu. Leo nalisema bila kificho, lakini siku ile bibi mmoja aliponiumbua mbele ya wateja, masikio yaliniwaka moto.

Kazi yangu iko Mwenge, kwenye steshenari iliyo hatua chache kutoka kwa wachonga vinyago. Tunatoa kopi, tunaprinti barua za maombi ya kazi, na nyuma ya pazia la bluu ndiko ninakopigia picha za pasipoti. Kaa hapo, nyanyua kidevu, usicheke, tayari. Dakika tano mtu anaondoka na picha zake nne. Nilikuwaga najiona fundi, na majivuno ya fundi nilikuwa nayo. Ndipo akaingia huyo mama mtu mzima, buibui jeusi, miwani minene, mkono ukipapasa ukingo wa meza kabla mguu haujafika. Alitaka picha za kadi ya kliniki ya macho. Nikampiga. Nilipompa, akaisogeza picha karibu na pua, akaipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, akasonya.

"Umenimwagia taa usoni kama umenikamata naiba kuku," akasema. "Kivuli kiko wapi? Uso bila kivuli si uso, ni sahani."

Sijakaa sawa, akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba, na ndani yake kipande cha plastiki cheusi chenye matundu pembeni. Akauliza kama tunasafisha hizo. Nikakishika katikati kwa vidole vyangu vyenye mafuta ya maandazi, nikakielekeza kwenye taa. Niliona mtu mwenye nywele nyeupe, uso uliopauka kama majivu na meno meusi. Nikamwambia, "Bibi, hizi zimeharibika. Zimeungua."

Akakichukua, akakishika kwa kingo zake. "Hujawahi kuona negativu," akasema. Hakuwa anauliza. "Na unajiita mpiga picha."

Wateja wawili wakacheka. Mama yangu husema nilizaliwa nimenuna, na ni kweli, mie hasira zangu ziko karibu. Nikamjibu kwamba dunia imeenda mbele. Akasema ikienda mbele sie tunabaki na nini mkononi, maana simu ikidondoka chooni ukoo mzima umedondoka. Akanielekeza nyumbani kwake Temeke, akaniambia niende Jumamosi anifundishe adabu ya mwanga. Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka nikamwonyeshe kuwa hakuna kitu cha kunifundisha.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya fremu ambayo zamani ilikuwa studio ya mumewe. Siku hizi fremu ile inauza vifuniko vya simu. Nilipiga hodi, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika marahaba, na tangu siku hiyo nikamwita Bibi ingawa hatuna udugu wowote. Alinikalisha na kunipa chai ya mchaichai, kisha akaanza kunieleza habari zake kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa kwa miaka mingi. Mumewe, marehemu, alijulikana Temeke nzima kama mpiga picha. Alivaa vizuri, alijua kuchekesha watoto, alisimama mbele. Bibi alikuwa chumba cha nyuma, gizani, na mabeseni ya dawa za kusafishia picha.

"Yeye alikuwa anabonyeza," Bibi alisema. "Mie ndiye niliyekuwa nawatoa watu kwenye maji."

Sikuelewa, na nilijifanya nimeelewa. Akainuka, akatoa kabatini kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Kamera. Chuma kitupu, nyeusi, nzito mpaka nikaishika kwa mikono miwili. Haikuwa na betri wala skrini, na Bibi alisema haina huruma pia, kwa sababu haitakusaidia jambo lolote. Kasi unachagua wewe, ukubwa wa tundu la lenzi unachagua wewe, umbali unaukadiria wewe. Ukikosea, inanyamaza.

Nilikuwa nimeagizwa nije na kipande cha karatasi ya kunakilia ramani, ile inayopitisha mwanga, na dukani kwetu ipo. Bibi akafungua mgongo wa kamera, akanielekeza niibandike pale mkanda wa picha unapokaa. Akazungusha gurudumu la juu kwenye herufi B, ya kuacha lenzi wazi, akaelekeza lenzi mlangoni, akanifunika ile kanga kichwani. "Bonyeza, usiachie," akasema.

Nikabonyeza. Mtaa wote ulikuwa mle ndani. Kwenye kikaratasi kidogo kuliko kiberiti, umepinduka, na rangi zake zote. Mama muuza mihogo ananing'inia na jiko lake, moshi wake unashuka. Bodaboda inapita magurudumu juu. Kuku anadonoa donoa angani. Hakuna umeme, hakuna intaneti, hakuna chochote kilichowashwa. Chini ya ile kanga yenye harufu ya karafuu machozi yalinilenga, sijui kwa nini.

"Nani ameuleta humu?" nikauliza hatimaye, kama mjinga.

"Mwanga wenyewe," Bibi akajibu. "Huwa unafanya hivyo muda wote, hata usipotazama. Kazi yako ni kuufungulia mlango na kuufunga kwa wakati."

Hasira yangu iliishia hapo. Niliporudi nyumbani Kipawa jioni ile nilimsimulia mama yangu, na mama akaniuliza kama nimekula.

Miezi miwili Bibi alinifundisha bila mkanda. Somo lake lilikuwa moja, kusoma mwanga kwa kivuli. Kivuli chako ardhini kikiwa na ukingo mkali, sema kumi na sita. Ukingo ukilainika, kumi na moja. Ukikiona kwa shida, nane. Hakipo kabisa, tano nukta sita. Hizo ndizo namba za tundu la lenzi, na alitaka nizitamke kwa sauti popote nilipo. Basi nikawa natembea Mwenge naangalia chini kama aliyedondosha hereni. Kwenye vibanda vya wachonga vinyago, chini ya mabati, nane. Ukitoka barabarani, kumi na sita. Nilikwenda mpaka Wazo kwa rafiki yangu, kule vumbi la saruji la kiwandani linapolala kwenye mabati na majani, nikagundua kwamba pale mwanga hautoki juu peke yake, unarudi pia kutoka chini. Miaka yote nimepita Wazo na sijawahi kuliona hilo. Nyumbani, ndege zinazotua uwanja wa jirani zikipita juu ya kamba ya nguo, vivuli vyake vikikatiza uani, nilikuwa nataja namba na mama akiitikia, "Haya mwanangu."

Bibi hakuwa anatazama vivuli. Alisimama kizingitini, akanyoosha kiganja, akageuza shavu, akasema, "Kumi na moja, wingu linakuja." Na lilikuwa linakuja. Nilidhani ni maringo ya utaalamu. Siku moja ndipo nilipomwona anamimina chai nje ya kikombe, kikombe kiko mbele yake, na yeye hana habari.

Akanieleza bila kuzunguka. Presha ya macho. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Kliniki walimwambia dawa inachelewesha tu, haiponyi. Kabla ya mwaka kuisha huenda likafunga.

"Sina ninachokililia," alisema. "Watu nimewaona wa kutosha. Ila nataka nione picha ikitoka kwenye maji ya dawa, mara moja tu. Tangu mume wangu afariki sijaiona. Yoyote mpya, maana wale wa kwenye bahasha nilishawatoa. Hata ya mbuzi."

Nilimwambia nitamletea. Nilisema kwa ujasiri, kama nilivyozoea kusema mambo kabla ya kuyafikiri, kisha nikaanza kutafuta. Mashine ya kukuzia picha alikuwa nayo, chumba cha giza kilikuwa kimejaa ndoo na viti vibovu lakini kilikuwepo. Karatasi za picha zilibaki tano, za boksi la mwisho la mumewe, zimefungwa nailoni nyeusi. Mkanda na unga wa dawa havikuwepo popote nilipouliza. Mwisho binamu yangu anayefanya kazi melini akaniletea kutoka nje mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe, na dawa zake. Mmoja tu, ndio alioupata, na yeye asingerudi tena Dar mpaka mwisho wa mwaka. Nilihesabu miezi, nikahesabu na macho ya Bibi, nikaona kabisa kwamba mkanda huo ndio huo.

Watu wengi mkanda wanautia kwenye kamera mchana, na kipande cha mwanzo kinaungua kwa mwanga, kinatupwa. Bibi hakukubali. Studioni kwao walikuwa wanautia gizani, ili wasipoteze hata inchi. Mkanda wa picha thelathini na sita wao walikuwa wanatoa thelathini na tisa, na zile tatu za mwanzo mteja hakuhesabiwa, zilikuwa za nyumbani. Basi tukajifungia chumbani, akaziba mlango kwa blanketi, na vidole vyake vikafanya kazi upesi kuliko vyangu vingeweza mchana kweupe. Nikasikia mlio mdogo wa mgongo wa kamera ukifunga.

Tulirudi sebuleni. Akakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, akachukua sindano na uzi, maana alikuwa anashona kifungo. Tundu la sindano halioni, kwa hiyo alikuwa analitafuta kwa ncha ya ulimi na kidole. Mie nilikuwa na hamu ya kusikia kamera inalia vipi ikiwa na mkanda ndani. Nikaielekeza kwake, nikabonyeza. Namba ya kuhesabia picha ilikuwa haijafika hata moja. Nikavuta mkanda mbele, nikabonyeza tena ukutani, nikavuta. Bibi akasema niache kuchezea, na nikaacha.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za masika, nami nilikuwa nasubiri mwanga kama watu wanavyosubiri mgao wa maji. Kila picha niliifikiria. Niliwapiga wachonga vinyago wakati vumbi la mpingo limewakaa kwenye kope. Nilipiga tumbo la ndege juu ya mashuka ya mama. Wazo nilipiga mti uliopauka kwa saruji, mvua imeuosha upande mmoja tu. Picha mbili kwa siku, wakati mwingine hakuna. Steshenari nilikuwa napiga mia bila kumwona mtu hata mmoja, na sasa nilikuwa naweza kusimama robo saa mbele ya ndoo iliyojaa maji ya mvua, nimeduwaa, natafuta namba yake. Nilifika picha ya thelathini na tatu.

Bibi alikuwa amenionya kwamba masika lenzi inaota ukungu ndani, na ikiota imekwisha. Nami nilimwambia mama. Mie mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilimwambia mama kwamba unyevu unaua kamera.

Jumamosi moja jua likatoka. Asiyekaa Dar hawezi kuijua siku ile, siku ya kwanza ya jua baada ya mvua ndefu. Mtaa mzima unatoka na vitu vyake. Magodoro ukutani, mito juu ya bati, viatu vimepangwa, mchele kwenye mkeka, masanduku yamefunguliwa vifuniko yatoe uvundo. Mama yangu hapo ndipo nyumbani kwake. Akiamka na jua hakai, anaanika mpaka albamu za harusi. Nilikuwa nimetoka kidogo kwenda sokoni, nikarudi na mchicha mkononi, nikaiona kamera juu ya mkeka, kati ya mchele na viatu vya kanisani. Mgongo wake umefunguliwa wazi. Mkanda unang'aa juani.

"Nimekuanikia na kamera yako," mama akasema, ameridhika. "Ilikuwa inanuka ukungu. Nilihangaika na kifuniko chake, kumbe kinavutwa juu."

Nilidondosha mchicha, nikauwahi ule mgongo nikaufunga. Niliyoyasema siyaandiki yote. Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba hajui kitu, na asiguse vitu vyangu, na kwamba amemfanya mtu awe kipofu. Majirani walikuwa wanasikia, wamesimama na mito yao. Mama aliinama akaanza kuokota mchele uliomwagika nilipoupiga mkeka teke, punje moja moja. Ile sura yake ameinama bado ninayo.

Siku mbili hatukusemeshana. Siku ya tatu nikajiandaa kwenda Temeke kumwambia Bibi kwamba nimepoteza mkanda wake. Nikiwa mlangoni mama akanipa kontena la kisamvu, amelifunga kwa kitambaa.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie ni mie niliyeanika. Usiseme ni wewe."

Nililipakata lile kontena njia nzima.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema hajapata kusikia nyumba inayoanika kamera, na kwamba mama yangu angemfaa sana kwa jirani. Nilikuwa nalia. Aliponyamaza akaniuliza ilikaa wazi muda gani. Nikasema mama hakumbuki, labda nusu saa, labda saa nzima. Akaniuliza nilifika picha ya ngapi. Nikamwambia.

Akavua mtandio wake, akaukunja kwenye penseli, mzunguko juu ya mzunguko. "Mkanda ukipigwa unakwenda kujikunja hivi," akasema. "Ya mwisho iko juu. Jua limempiga nani? Wa juu. Na anayefuata, na anayefuata. Lakini huyu wa ndani kabisa, aliyetangulia kuingia, ana wenzake zaidi ya thelathini wamemfunika." Akanipokonya kamera. "Hatutupi kitu bado. Funga mlango."

Ilikuwa saa tisa mchana. Tuliziba dirisha kwa blanketi mbili, na mwanya wa chini ya mlango kwa kanga. Giza likawa giza kweli, lile ambalo ukifumba macho na ukifumbua hakuna tofauti. Nilisimama nimebana mikono kifuani nisiangushe kitu. Bibi alikuwa anatembea. Nilimsikia anafungua, anavuta mkanda, anausokota kwenye gurudumu lake, anaguna.

"Humu ndani sote hatuoni," akasema gizani. "Tena mie nakuzidi."

Mkanda ukaingia kwenye kopo lake, dawa ya kwanza, kisha siki ya jikoni iliyotiwa maji, kisha dawa ya mwisho. Alihesabu kwa midomo, bila saa. Tulipoufungua na kuuning'iniza kwa vibanio vya nguo, niliutazama kutoka chini kwenda juu, na moyo ulikuwa unashuka jinsi macho yalivyopanda. Nyeusi tii. Wachonga vinyago, nyeusi. Ndege na mashuka, nyeusi. Mti wa Wazo uliopauka, kazi ya wiki tatu, yote nyeusi. Karibu na juu weusi ukaanza kupungua, ukabaki pembeni tu, umeng'ata kingo. Na juu kabisa, kwenye zile ambazo hazihesabiwi, kulikuwa na vipande viwili safi. Kimoja ukuta. Kingine nilikitambua polepole, kwa sababu sasa nilishajifunza kugeuza nyeupe kuwa nyeusi kichwani. Mkono, sindano, uso umeinama.

"Ipo moja," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Utaiona."

Sikuwa nimepima mwanga wala kutazama kivuli. Zilikuwa namba tulizoziacha kwenye kamera jana yake tulipofanya mazoezi pale dirishani. Picha thelathini na tatu nilizozitolea jasho ziliungua zote, na niliyoipiga kwa upuuzi ndiyo iliyobaki, kwa sababu kulikuwa na mwanamke asiyetaka kupoteza inchi ya mkanda. Nilikaa na jambo hilo, na sijamaliza kukaa nalo.

Wiki iliyofuata tukaichapa. Taa nyekundu ukutani, trei tatu mezani, mashine ya kukuzia ikimulika karatasi. Karatasi ya kwanza tuliikata vipande vya kujaribia. Ya pili nikaimulika, nikaitia kwenye dawa, nikaitikisa trei kama alivyonifundisha. Bibi alisimama karibu yangu ameinama. Karatasi ilikuwa nyeupe, nyeupe, kisha pahala pasipokuwa na kitu pakaanza kuwa na kitu. Ukingo wa dirisha ulikuja, kisha mkunjo wa mtandio. Hakuna aliyeuchora. Ulikuwa unapanda tu kutoka ndani ya karatasi, kama vile muda wote ulikuwemo na ulikuwa unangoja maji.

"Imefika wapi?" Bibi akauliza.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anatazama trei moja kwa moja.

"Huioni?"

"Naona wekundu," akasema. "Wekundu mtupu, binti. Taa ni ndogo."

Nilimaliza kuisafisha ile karatasi. Ilikuwa picha nzuri. Nje juani angeweza kuisogeza puani na kuisoma kipande kwa kipande, na alikuja kufanya hivyo baadaye. Lakini hakuwa ameomba kuona picha. Aliomba kuiona inatoka, na ile tayari ilikuwa imetoka.

"Weka nyingine," akasema. "Na ishushe taa. Iweke hapa, juu ya trei."

Nikamkumbusha alichonifundisha mwenyewe, kwamba taa nyekundu ikikaa karibu, karatasi inaungua taratibu, picha inamezwa. Na karatasi zenyewe zimebaki tatu.

"Iungue," akasema Bibi.

Yule aliyetia mkanda gizani kwa ajili ya picha tatu. Aliyekuwa ananigombeza nikimwaga siki kijiko kimoja. Niliichomoa taa kwenye msumari, nikaishika kwa mkono juu ya trei, shubiri moja tu, na kwa mkono wa pili nikatumbukiza karatasi. Akavua miwani. Akashusha uso mpaka nilidhani pua itagusa dawa, akawa anasogeza kichwa, anatafuta kwa lile tundu lake.

"Tulia," akaniambia, ingawa nilikuwa nimetulia. Kisha, "Kidole." Akaufuata mstari. "Uzi. Huu ni uzi. Kuna sindano." Akasogeza kichwa kidogo. "Mkono wa nani huu umechakaa hivi?"

"Wako, Bibi."

Wote waliotoka kwenye maji yale, maharusi, watoto wa arobaini, wanafunzi wa Temeke na vyeti vyao, aliwatoa Bibi, na hakuna siku aliyojitoa mwenyewe. Alifuata mkono mpaka kwenye kifundo, kutoka kifundo mpaka kwenye mtandio, kutoka mtandio mpaka usoni, polepole, na picha ilikuwa inamngoja kila alipofika. Kisha weupe wa dirishani ukaanza kuchafuka. Kijivu kikaingia kutoka pembeni.

"Niitoe?" nikauliza.

"Iache."

"Inazama, Bibi."

"Naiona inavyozama. Iache niitazame."

Dirisha lilikwenda, mtandio ukaenda, uso ukaenda. Sindano ilikuwa ya mwisho. Alipoinuka, karatasi yote ilikuwa rangi ya masizi, na kidevu chake kilikuwa kinadondosha dawa. Akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Hizo usizichezee."

Lile tundu la macho ya Bibi lilifunga kabla binamu yangu hajarudi. Aliporudi alileta mikanda mitatu na boksi zima la karatasi, na picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya mama, uani Kipawa, siku ya jua, ameinama juu ya mkeka wa mchele. Nilimwomba radhi kabla ya kubonyeza, akasema nisimcheleweshe, mchele unataka kugeuzwa. Jumamosi hiyo niliipeleka Temeke. Bibi alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, anahesabu kwa midomo, na nilipotumbukiza karatasi nikasahau kumsimulia inavyotoka.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Mkono umetoka," nikamwambia. "Uso unakuja."